Mashine ya Kukatia Vito Iliyoundwa Nyumbani: Swali la Usahihi katika Mazingira ya Masinga

Kenya imechimba vito vya thamani kwa zaidi ya nusu karne, lakini sehemu kubwa ya mawe hayo huondoka nchini yakiwa ghafi, na kazi ya kuyakata, ambayo ndiyo hugeuza kokoto kuwa bidhaa ya sonara, hufanyika Jaipur, Bangkok na miji mingine ya mbali. Tsavoraiti, yaani garineti ya kijani iliyotambuliwa na mwanajiolojia Campbell Bridges upande wa Tanzania mwaka 1967 na baadaye upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipewa jina hilo na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1974 kwa kufuata jina la Tsavo, na rubi za Mangare zilianza kujulikana katika miaka hiyohiyo. Tangu wakati huo, kila mjadala wa kuongeza thamani ya madini ya Kenya huishia kwenye kikwazo kilekile cha vifaa, kwa kuwa mashine za kukatia vito zinazotengenezwa Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola, nazo zile za bei nafuu kutoka Asia, ingawa hupatikana kwa dola mia chache, mara nyingi hufika zikiwa na mikono inayolegea na sahani zinazoyumba. Swali linalochambuliwa hapa ni kama mashine hiyo inaweza kuundwa nyumbani au katika karakana ya jua kali iliyo mbali na maduka makubwa, na kama inawezekana, ni sehemu zipi zinazoamua ubora wake.

Masinga inafaa kuwa kipimo cha swali hili kwa sababu haina upendeleo wowote. Kaunti hiyo ndogo iliyo katika Kaunti ya Machakos, inayofikiwa kwa kuiacha barabara ya Thika kuelekea Garissa baada ya kupita Matuu, haina sifa ya vito kama Voi au Kasigau, ingawa iko juu ya Ukanda wa Msumbiji, yaani mfululizo wa miamba ya kale iliyogeuzwa kwa joto na shinikizo, unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya na ambao ndani yake hupatikana vito vingi vya Afrika Mashariki. Ilicho nacho ni jua, ukame, vumbi, bwawa kubwa, na mafundi wa kulehemu wanaotengeneza milango, mikokoteni na pampu. Ukambani kwa jumla kuna urithi wa mikono mizuri: wahunzi wake wa zamani walisifika kwa mikufu myembamba ya chuma na shaba, na kule Wamunyu, katika kaunti hiyohiyo, uchongaji wa vinyago vya kuuza, ambao kuanza kwake huhusishwa na Mutisya wa Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikua ukawa riziki ya jamii nzima. Hata hivyo urithi huo usichukuliwe kuwa jibu. Mchongaji wa kinyago husahihisha kosa kwa jicho na patasi inayofuata, ilhali mkataji wa kito hawezi kukirudisha kilichokwisha kusagwa, na jicho lake haliwezi kuona kosa la sehemu ya kumi ya nyuzi moja mpaka jiwe limalizike na likatae kung'aa.

Ili kuelewa ukali wa sharti hilo ni lazima kuanza na mwanga. Kito kilichokatwa kina taji, ambayo ni sehemu ya juu yenye uso mpana uitwao meza. Kina kitako, ambacho ni sehemu ya chini inayochongoka. Na katikati yake kuna mshipi, yaani ukingo mwembamba unaoshikwa na pete. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za kitako, na kama pembe ya nyuso hizo ni sahihi huakisiwa mara mbili na kurudi kwenye jicho la mtazamaji. Kila aina ya jiwe ina pembe yake ya mpaka, ambayo mwanga ukigonga uso kwa pembe ndogo kuliko hiyo huvuja nje badala ya kuakisiwa, na pembe hiyo hutegemea kiasi ambacho jiwe hupinda mwanga. Kwa kwatzi, yenye kipimo cha mpindo cha 1.54, mpaka ni takriban nyuzi 40.5, na kwa tsavoraiti, yenye kipimo cha karibu 1.74, ni takriban nyuzi 35. Kwa hiyo kitako cha kwatzi kilichokusudiwa kukatwa kwa nyuzi 42 kikitoka kwa nyuzi 39 kitaacha katikati ya jiwe doa linalopitisha mwanga moja kwa moja, ambalo wakataji huliita dirisha, na jiwe litafanana na kipande cha chupa. Marcel Tolkowsky alipochapisha hesabu zake za almasi mwaka 1919 na kupendekeza kitako cha nyuzi 40.75 na taji ya nyuzi 34.5, alikuwa akiweka katika tarakimu jambo ambalo mafundi walikuwa wamelikaribia kwa kubahatisha, na tangu hapo mashine yoyote ya kukatia imekuwa, kwa asili yake, chombo cha kupima pembe ambacho pia husaga.

Chombo hicho kina sehemu chache. Sahani bapa ya kusagia, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha inchi 6 au 8 na imepakwa chembe za almasi, huzunguka mlalo juu ya shafti iliyosimama. Kando yake umesimama mlingoti, na juu ya mlingoti kuna kichwa kinachopanda na kushuka. Kutoka kwenye kichwa hicho hutoka mkono unaoshika kijiti cha chuma ambacho jiwe limegandishwa kwenye ncha yake kwa nta ngumu au gundi. Mkono huinuliwa na kushushwa ili kupata pembe ya uso, na pia huzungushwa kwa gurudumu la meno, ambalo kwa kawaida lina meno 96, ili kupata nafasi ya kila uso kuuzunguka mhimili wa jiwe. Namba 96 imependwa kwa kuwa hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 16, na kila jino lake ni sawa na nyuzi 3.75. Mwishoni kuna kihamishio, kifaa chenye mfereji ulionyooka ambamo vijiti viwili hukutanishwa ana kwa ana, ili jiwe lililokwisha kukatwa kitako ligeuzwe na kukatwa taji bila kupoteza mhimili wake.

Wanaojaribu kuunda mashine hii kwa mara ya kwanza huanza na mota, na hapo ndipo fedha na muda vingi hupotea. Mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Jiwe likikandamizwa kwa nguvu ya nyutoni 10, ambayo ni sawa na uzito wa kilo moja na ni kubwa kuliko inavyohitajika kwa jiwe dogo, kisha msuguano ukawa theluthi ya nguvu hiyo na jiwe likawa milimita 70 kutoka katikati ya sahani, kazi inayofanyika kwa mizunguko 600 kwa dakika haifiki wati 20. Mota ya cherehani ya wati 100 inatosha na kubaki. Vivyo hivyo mota ya volti 12 inayoendeshwa kwa betri na paneli ya sola, jambo lenye maana katika vijiji ambavyo viko karibu na bwawa lenye mitambo ya megawati 40 lililokamilika mwaka 1981 lakini ambavyo umeme wake si wa kutegemewa kila saa. Kinachohitajika ni uwezo wa kubadilisha mwendo, kwa sababu kusaga hutaka mizunguko mia kadhaa kwa dakika na kung'arisha mara nyingi hutaka polepole zaidi, na mtetemo wa mota utengwe na shafti kwa mkanda na puli. Mota ya grainda, ambayo huvutia watu kwa kuwa ipo kila karakana, ni mbaya kwa kazi hii, kwani hukimbia zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika na hurusha maji kabla hayajalowesha sahani. Mota yoyote ya volti 240 itakayowekwa karibu na maji iwe na waya wa ardhi na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja; hapa hakuna nafasi ya ubahili.

Ugumu wenyewe uko kwenye mlingoti na mkono. Mkono wenye urefu wa milimita 150 kutoka kwenye egemeo mpaka kwenye jiwe, ukiwa kwenye pembe ya nyuzi 42, hubadili pembe hiyo kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi pale ncha yake inaposhuka kwa takriban milimita 0.17 tu. Maana yake ni kwamba mlingoti unaonyumbulika kwa kiasi hicho kidogo unapokandamizwa kwa kidole tayari umeharibu kazi ya mchana mzima. Tiba ya kwanza ni unene, kwa sababu ukakamavu wa nguzo ya mviringo huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivi kwamba nguzo ya milimita 24 ni kakamavu mara 16 kuliko ile ya milimita 12 ya urefu uleule. Hapa fundi wa jua kali ana hazina ambayo mwenzake wa Ulaya huinunua ghali: fimbo ya shokapu ya gari, ambayo imenyooshwa, ikasawazishwa kwa usahihi mkubwa na kupakwa kromu ngumu, hupatikana katika mirundo ya vyuma chakavu, na hutoa mlingoti ulio bora kuliko bomba lolote la maji. Fimbo hiyo isilehemiwe kwenye kitako cha mashine, kwa kuwa joto la kulehemu huvuta chuma upande mmoja kinapopoa; ifungwe kwa bolti katika tundu lililokerezwa, na chini yake pawekwe kipande cha graniti ya jikoni au zege nene badala ya mbao, ambayo huvimba na kusinyaa kati ya msimu wa mvua na kiangazi.

Shafti ya sahani inafuata kwa umuhimu. Beringi mbili zilizo umbali wa milimita 60, kila moja ikiwa na ulegevu mdogo sana, huruhusu sahani kuyumba kwenye ukingo wake kwa kiasi ambacho jiwe hukisikia kama mgongo wa barabara, na kuzitenganisha mpaka milimita 120 hupunguza mtikisiko huo kwa nusu bila gharama ya ziada isipokuwa ya bomba refu zaidi. Kuzikandamiza kidogo kwa springi au nati, ili gololi zisiwe na nafasi ya kucheza, hufanya mengi zaidi. Kazi ya kukereza kiti cha sahani ni lazima ifanywe shafti ikiwa inazunguka ndani ya beringi zake zenyewe au kati ya ncha mbili za mashine ya kukereza, na katika mazingira ya Masinga maana yake ni safari ya kwenda Thika au kwenye karakana za Kariobangi na Kamukunji jijini Nairobi. Safari hiyo moja haikwepeki. Kuunda nyumbani hakumaanishi kutengeneza kila kitu nyumbani, na fundi anayejaribu kusawazisha kiti cha sahani kwa tupa ili aokoe nauli huishia kulipa zaidi kwa sahani zinazolika upande mmoja.

Gurudumu la meno nalo huleta kosa la aina yake, ambalo hudanganya kwa kuwa halionekani kwenye meno. Meno yanaweza kuwa yamegawanywa vizuri kabisa lakini tundu la katikati likawa limehama kwa milimita 0.1; katika gurudumu lenye nusu-kipenyo cha milimita 40, kuhama huko huzaa kosa la hadi nyuzi 0.14 upande mmoja na kosa kama hilo kinyume upande wa pili. Gia kubwa iliyotoka kwenye mashine ya zamani, kama ina idadi ya meno inayofaa, ni salama kuliko gurudumu lililochapishwa kwa plastiki, kwa kuwa plastiki ya kawaida ya uchapishaji huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na boksi la chuma lililoachwa juani Masinga halihitaji muda mrefu kufika huko. Hali hiyohiyo ya joto huathiri nta ya kugandishia jiwe: nta laini inayofaa nyanda za juu zenye baridi huruhusu jiwe kusogea kidogo wakati wa kusaga, na kwa sababu hiyo nta ngumu au gundi ya sehemu mbili inafaa zaidi katika nchi hizi za chini.

Sahani zenyewe zinaweza kununuliwa au kuundwa, na hapa karakana ya nyumbani inashinda. Sahani za chuma zilizopakwa almasi kiwandani, kwa ukubwa wa chembe unaoanzia namba 260 kwa kusaga hadi 1200 au 3000 kwa kulainisha, ni nafuu kiasi kwamba kuzitengeneza ni kupoteza wakati. Za kung'arishia ni jambo tofauti. Kipande cha shaba, zinki au bati kilichokerezwa kuwa bapa, kikasuguliwa unga wa almasi uliochanganywa na mafuta kidogo na ukapachikwa humo kwa kukandamizwa, hung'arisha garineti na kurandamu, jiwe ambalo rubi ni aina yake, vizuri kama sahani ya bei kubwa. Akriliki yenye oksaidi ya siriamu hufaa kwatzi. Adui wa sahani hizi ni chembe moja kubwa iliyopotea njia. Pale ambapo maji ni haba na fundi anashawishika kuyazungusha tena, chembe za namba 260 husafiri na maji hadi kwenye sahani ya kung'arishia na kuchora mikwaruzo ambayo haiondoki. Ni afadhali tone moja la maji safi kila sekunde, likidondoka kutoka kwenye chupa yenye bomba la dripu, kuliko ndoo nzima ya maji yaliyorudishwa. Maji hayo pia huzuia vumbi la kwatzi, ambalo likivutwa kavu kwa miaka huharibu mapafu, na mashine inayosaga bila maji haifai kuitwa mashine, hata iwe sahihi namna gani.

Kuhusu uboreshaji, mtindo wa sasa ni kuongeza vionyeshi vya kidijitali, na mtindo huo una faida na udanganyifu. Sensa ndogo ya sumaku inayogawa mduara katika sehemu 4096, kila moja ikiwa sawa na nyuzi 0.088, inaweza kufungwa kwenye egemeo la mkono na kusomwa kwenye kioo kidogo, na humsaidia mkataji kurudi kwenye pembe ileile bila kukaza macho kwenye mistari ya chuma. Lakini wingi wa tarakimu kwenye kioo hauongezi usahihi wa chuma kilicho chini yake: mkono unaocheza utaonyesha pembe nzuri yenye desimali mbili huku jiwe likisagwa kwa pembe nyingine. Uboreshaji wa maana zaidi ni ule unaomwambia mkataji lini aache, yaani kizuizi cha kina. Katika mashine rahisi, mkono hugonga chuma na kusimama, na mkono mzito hupita pale ambapo mkono mwepesi ungesimama. Waya mdogo na balbu inayowaka pale chuma kinapogusana humpa kila mtu kipimo kilekile kwa bei ya soda.

Swali la sheria na soko haliwezi kurukwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, ambayo iliwatambua wachimbaji wadogo na kugawa mrabaha kwa uwiano wa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, humtaka anayefanya biashara ya madini awe na kibali, na mkataji anayenunua mawe ghafi yuko ndani ya wigo huo hata kama mashine yake iko kibandani. Tanzania imekwenda mbali zaidi kwa kuzuia tanzanaiti ghafi inayozidi gramu moja kusafirishwa nje tangu mwaka 2010 na kwa kujenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka Mirerani mwaka 2018, huku kituo cha jemolojia cha Arusha kikifundisha ukataji. Uzoefu wa Tanzania unaonyesha kwamba katazo huzaa uhitaji wa wakataji kabla ya kuzaa wakataji wenyewe, na pengo hilo ndilo ambalo mashine za bei nafuu zinaweza kuliziba. Kwa upande wa mapato, tahadhari inahitajika: jiwe lililokatwa mara nyingi hubaki na robo hadi theluthi tu ya uzito wake ghafi, kwa hiyo mkataji asiye na uzoefu anayeanza na tsavoraiti anasaga fedha za mwenye jiwe. Wanunuzi wa vito wa Voi na maduka ya masonara ya Nairobi hununua ukubwa unaolingana na pete za kawaida, na jiwe lenye umbo lisilopimika, hata likiwa limeng'aa, hukaa kwenye karatasi bila mnunuzi.

Kwa sababu hiyo mashine mpya hujaribiwa kwa kwatzi, ambayo ni nafuu na ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, na jaribio lenyewe hueleza ni sehemu gani yenye kasoro iwapo mkataji anajua kulisoma. Nyuso nane za kitako zilizokatwa kwa pembe moja na kina kimoja ni lazima zikutane kwenye ncha moja. Zikikosea ovyo, mara upande huu na mara ule, kuna kitu kinachocheza katika mkono au kichwa cha mlingoti. Upana wa nyuso ukiongezeka taratibu hadi upande mmoja na kupungua taratibu hadi upande wa pili, gurudumu la meno halizunguki katikati yake. Uso ukitoka wenye mgongo badala ya kuwa bapa, mlingoti haujasimama wima kwa sahani, na jiwe linapopitishwa kushoto na kulia hukutana na pembe mbili tofauti. Kasoro hii hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya kopo la soda chini ya kitako cha mlingoti, huku kioo kinene cha dirisha kikilazwa juu ya kiti cha sahani ili kitumike kama rejea. Kitako cha jiwe kikiwa safi lakini mshipi ukawa mnene upande mmoja baada ya taji kukatwa, mlingoti na gurudumu havina hatia: kosa liko kwenye mfereji wa kihamishio, na mfereji huo ndio wa kurudishwa kwa mkerezaji.